Vidonge vya Banda la Kuku

Mgwashi,
14 Machi 1976

Mdogo wangu Marta,

Nilifika salama, ingawa kutoka Soni nilikaa juu ya magunia ya kabichi mpaka kiuno kikagoma. Watoto wote sita ni wazima. Nikodemo aliniuliza jino linaendeleaje. Nikamwambia umelitazama na umesema halihitaji kung'olewa. Akamshukuru Mungu, na mimi nikaona haya, maana jino bovu lenyewe sina.

Vidonge nilianza Jumatano, siku ya kwanza ya kuingia mwezini, kama ulivyonielekeza pale kliniki. Humu ndani hakuna pa kuficha kitu. Mama mkwe akitafuta chumvi hupekua hadi chini ya godoro. Kwa hiyo pakiti zote tatu nimezitia katika kopo la majani ya chai, nikalichomeka juu ya kichanja cha kuku. Kila jioni nikienda kufungia kuku nameza kimoja. Saa sikosei, kwa kuwa kuku hawachelewi kulala.

Nina maswali. Nikodemo anakwenda Tanga wiki mbili kwenye semina ya viongozi wa vijiji. Je, nipumzike mpaka arudi ili nisivimalize bure? Tena asubuhi nasikia kichefuchefu, na mama mkwe ameanza kunitazama tumbo. Halafu jirani yangu Zainabu, mke wa Issa, ambaye ndiye peke yake niliyemwambia, anaomba nimpe pakiti moja. Ana watoto wanane. Nimeona si vizuri kula peke yangu huku kila mkutano tunahimizwa ujamaa.

Niandikie kwa jina langu. Nikodemo hafungui barua ya mtu, hilo simsingizii.

Dada yako,
Rahabu


Kliniki ya Mama na Mtoto, Lushoto
22 Machi 1976

Dada Rahabu, shikamoo.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikatafuta kiti.

Shemeji aende Tanga, aende Mwanza, aende mwezini, wewe meza. Hivi si mwavuli kwamba utaufungua siku ya mvua tu. Vinakukinga kwa sababu mwili unavipata kila siku, saa ile ile. Vyeupe ni ishirini na kimoja. Vikiisha unameza vya kahawia saba, ambavyo ni vya kuongeza damu, na katika siku hizo utaona mwezi wako. Kesho yake unafungua pakiti mpya, hungoji kitu.

Ukisahau cheupe kimoja, kimeze mara utakapokumbuka, na cha siku hiyo ukimeze kwa saa yake, hata vikiwa viwili kwa siku. Ukisahau viwili au zaidi, meza kile cha mwisho ulichosahau, uendelee na vilivyobaki, na kwa siku saba mtumie mipira, au shemeji alale na Biblia yake. Ukitapika kabla saa tatu hazijapita tangu umeze, meza kingine. Hicho kichefuchefu hupungua baada ya mwezi wa pili au wa tatu. Meza ukishakula.

Zainabu usimpe hata nusu. Wewe nilikupima presha na kukuuliza maswali mpaka ukanikasirikia. Yeye uliniambia mwenyewe ulipokuwa hapa kwamba presha ilimsumbua mimba mbili, na akiumwa kichwa macho huona nyota. Kidonge kinachokufaa wewe kinaweza kumpoozesha yeye upande mmoja. Ujamaa ni wa jembe na shamba. Dawa ni ya aliyepimwa. Mwambie aje, njia nyingine zipo.

Na wewe ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, au kifua kinabana, au kichwa kinapasuka, au macho yanaingia ukungu, acha hapo hapo uende hospitali. Usiniandikie barua, nenda.

La mwisho ni kwamba mwambie mumeo. Najua utalikataa hili, lakini nimelisema.

Mdogo wako,
Marta


Kijiji cha Ujamaa Mgwashi
Kamati ya Mradi wa Kuku
24 Aprili 1976

Ndugu Shemeji Marta,

YAH: DAWA YA KUKU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kama unavyofahamu, mdondo umeingia tarafa yetu, na upande wa Bumbuli wamezika kuku kwa toroli. Alhamisi nilikagua banda la nyumbani, nikaona kopo la majani ya chai juu ya kichanja. Ndani yake mna vidonge vilivyopangwa vizuri kwa siku za juma. Nikaelewa mara moja kwamba dada yako aliposhuka kwako kwa ajili ya jino alikuomba na dawa ya kuku, na kwa upole wake hakutaka kujisifu.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lakini akili haihitaji mkalimani. Vyeupe ni vingi na vya kahawia ni vichache. Mitetea ni mingi na majogoo ni machache. Kwa hiyo nilisaga vyeupe ishirini na saba kwa ajili ya mitetea na vya kahawia kumi na vinne kwa ajili ya majogoo, nikachanganya na pumba, nikawapa kuku wote wa kijiji, sitini na wawili.

Matokeo: hadi leo hakuna kuku aliyekufa. Mitetea haijataga tangu jana, lakini kamati inaamini inapumzika. Jogoo mmoja amepigana na mbuzi.

Kamati inaomba vidonge mia mbili, na vya kahawia viongezwe. Rahabu sijamwambia. Nakusudia kumsimamisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji apigiwe makofi. Tafadhali nitunzie siri hii.

Uhuru na Kazi,
Nikodemo
Katibu wa Kamati


Mgwashi,
24 Aprili 1976

Marta,

Kopo ni tupu. Alhamisi jioni nilipeleka mkono nikakuta karatasi zake tu. Nilikuwa katikati ya pakiti ya pili, nimebakiza vyeupe sita, na ya tatu sikuwa nimeigusa.

Nimewanusa watoto midomo mmoja mmoja. Nimewaambia wacheze mbele yangu, wakashangaa, maana siku zote nawafukuza. Wote wanakula, wanakimbia, hata Efrazia wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Mama mkwe nimemkazia macho wakati wa chakula, akaniuliza kama nina homa. Zainabu ameapa kwa Mungu wake si yeye. Kumwuliza Nikodemo siwezi. Nitamwulizaje kitu ambacho hakipo?

Nije kwako vipi? Mvua imeporomosha barabara na basi halipandi tangu Jumatatu. Barua hii anaichukua mwalimu anayeshuka kwa miguu. Nikodemo naye amempa yake, ina muhuri wa kijiji, sijui ni ya nini. Nadhani ni mambo ya mbolea.

Niambie la kufanya. Unajua uzazi wa Efrazia ulivyonifanya. Sina damu nyingine ya kumwaga.

Rahabu


Lushoto,
29 Aprili 1976

Shemeji, shikamoo.

Nimepokea barua ya kamati. Dawa uliyowapa kuku si ya kuku, ni ya binadamu, na mia mbili siwezi kukupa, hata kimoja siwezi. Naomba kuku hao wasichinjwe wala mayai yao yasiliwe mpaka umwone Bwana Mifugo, naye ndiye mwenye dawa ya mdondo.

Usiniulize ni ya nani. Kazi yangu hainiruhusu kutaja. Siri yako nitaitunza kama ulivyoomba, ingawa kabati langu la siri za nyumba moja limeanza kujaa.

Shemeji yako,
Marta


Lushoto,
29 Aprili 1976

Dada, shikamoo.

Pumua. Watoto hawajala kitu. Nimelijua kwa njia ambayo nimeombwa nisiitaje, nawe utaicheka siku moja. Lakini umenitia hofu ya kweli. Vile vya kahawia vina madini ya chuma, na mtoto mdogo akivila vingi anaweza kufa. Hata vyeupe si vya mtoto. Dawa inafungwa, inawekwa juu asipofika, tena ndani ya nyumba.

Wewe umekatisha katikati, kwa hiyo kinga huna tena. Usishangae damu ikikujia siku hizi. Mpaka utakapofika hapa, msikutane na shemeji bila mpira. Nimekufungia mipira sita ndani ya gazeti. Barabara ikifunguka, njoo nikupime upya, uanze tena siku ya kwanza ya mwezi wako.

Na lile neno nililosema mwisho wa barua ya kwanza, nalisema tena.

Marta


Mgwashi,
16 Mei 1976

Shemeji Marta,

Hii haina kichwa cha habari.

Umeniandikia kwamba dawa ni ya binadamu. Katika nyumba hii binadamu anayeingia banda la kuku kila jioni na kukaa humo kuliko kawaida ni mmoja. Basi nimeanza kukumbuka. Mwezi wa tatu alikuwa anatapika. Alisema anakwenda kutibiwa jino, na kesho yake nikamwona anatafuna muwa.

Marta, dada yako ana ugonjwa gani? Ni moyo, au ni damu? Dawa ya kumezwa kila siku bila kukosa najua haipewi mtu mwenye mafua. Na mimi nimeisaga nikawapa kuku. Mtu amejificha na maradhi yake ili asinitie hofu, nami nimemmalizia dawa kwa mkono wangu.

Siku ile ya Efrazia tulimbeba kwa machela wanaume wanne kushuka Bumbuli, mimi nikiwa mbele kulia. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Niliogopa kumwona.

Siwezi kumwuliza. Akitaka nisijue, basi sijui. Lakini nimeanza kuchota maji mwenyewe, na kuni nakata mimi. Watu wanacheka, mzee wa kanisa na ndoo kichwani. Wacha wacheke. Niambie amebakiza muda gani.

Nikodemo


Mgwashi,
4 Juni 1976

Mdogo wangu,

Barua yako ya mwezi wa nne ilifika tarehe kumi na moja Mei, imelowa, na mipira sita imegandana na gazeti. Katika siku kumi na mbili hizo ilipokuwa njiani, mimi nilikuwa nyumbani na mume wangu. Hujaolewa, lakini umesoma, utaelewa. Damu ilikuja mara moja, mwishoni mwa mwezi wa nne, kama ulivyosema. Mwezi uliofuata nilipaswa kuuona tarehe ishirini na tatu. Leo ni siku ya kumi na mbili. Kila nikienda chooni naomba, na kila nikitoka sijajibiwa.

Na juu ya hilo, Nikodemo ana mwanamke.

Usishangae. Mwanamume amekaa kwenye ndoa miaka kumi na minne hajui kisima kiko upande gani, ghafla anachota maji. Anapasua kuni. Juzi alinimenyea viazi, akanipa kile kipande kikubwa cha nyama, kisha akanitazama ninavyokula mpaka machozi yakamlenga. Mama mkwe anasema mwanawe amerogwa. Mimi nasema semina ya Tanga ndiyo iliyomroga, na sasa dhamira inamsuta. Nikimwuliza una nini, anajibu, "Kula, mama watoto, kula."

Barabara imefunguka lakini sina nguvu ya kuja. Nitakuja kufanya nini ikiwa tayari ninayo mimba?

Rahabu


Lushoto,
8 Juni 1976

Dada Rahabu na Shemeji Nikodemo, shikamooni.

Barua hii ni moja kwa watu wawili. Ketini mezani, mama mkwe akiwa amekwenda shambani, muisome pamoja.

Tangu mwezi wa nne kila mmoja wenu ameniandikia na kila mmoja amenitaka nimfiche mwenzake. Nimeficha mpaka nimechoka. Juzi nilimwandikia dawa mama mmoja, nikajikuta nimeandika majogoo.

Sitasema la yeyote kati yenu, kwa kuwa si langu. Nasema hivi tu: Dada, unalo la kusema. Shemeji, unalo la kuuliza, na unalo la kukiri. Hakuna anayekufa na hakuna mwanamke wa Tanga. Anzeni hapo.

Mkimaliza, njooni Lushoto wote wawili. Dada, ukiwa na mimba tutaitunza tangu leo, na safari hii utajifungulia hospitali. Usipokuwa nayo tutaanza upya. Kwa vyovyote vile uje.

Marta


Mgwashi,
15 Juni 1976

Mdogo wangu Marta,

Tulikaa Ijumaa. Barua alisoma yeye. Alipofika kwenye majogoo akasita, akakohoa, akaendelea.

Nilianza mimi, nikasema yote kuanzia jino. Nilimweleza vidonge ni vya nini, tangu lini, na kwa nini nilivilaza na kuku. Akainuka akatoka, nikasikia anapasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa. Nikajua nimeivunja nyumba yangu.

Aliporudi aliketi akauliza, "Kumbe huumwi?"

Nikasema siumwi. Akauliza mara ya pili, nikamjibu vile vile. Ndipo akafunika uso kwa mikono miwili na mabega yakatikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini katikati yake akaanza kucheka. Akanieleza habari ya pumba na mitetea, na vile vya kahawia alivyowapa majogoo, na mimi nikacheka mpaka nikashika meza. Halafu nikamwambia na siku zangu kwamba zimepita, na hatukucheka tena.

Akaniuliza kwa nini nilimficha. Nikamwambia niliogopa atasema watoto ni wa Mungu.

"Watoto ni wa Mungu," akasema. "Lakini siku ile ya machela nilimwambia Mungu, huyu wa nyuma yangu nirudishie, mtoto mwingine sitakuomba. Nilikuwa naona aibu kukwambia. Nilidhani wewe bado unataka."

Marta, mwaka na nusu tumelala kitanda kimoja, kila mtu amemfichia mwenzake neno lile lile.

Jumapili tulikwenda kanisani. Katikati ya mahubiri nikasikia tumbo linaninyonga kwa namna ninayoijua, nikatoka taratibu, na kweli damu ilikuwa imekuja. Nilirudi kuketi nikiwa natabasamu peke yangu. Mchungaji ameniambia mlangoni kwamba alifurahi kuona neno limenigusa. Nikodemo, upande wa wanaume, alipoona uso wangu alikaa chini wakati wote wamesimama kuimba.

Kesho asubuhi tunashuka kwako, itakuwa siku yangu ya nne. Andaa kipimo chako cha presha, na ukitaka mpime na yeye.

Dada yako,
Rahabu


Kijiji cha Ujamaa Mgwashi
10 Julai 1976

Ndugu Shemeji Marta,

YAH: MAREKEBISHO YA TAARIFA

Kwa heshima nakujulisha kwamba kamati ilikutana. Wajumbe walitaka kujua vidonge mia mbili vimefikia wapi. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kuzungukazunguka, lakini Rahabu alinitazama kutoka benchi la wanawake, nami nikasimama nikasema dawa ile ilikuwa ya uzazi wa majira, ilikuwa ya mke wangu, na aliyeisaga ni mimi kwa kutojua kusoma Kiingereza.

Wanaume walitazama miguu yao. Wanawake walicheka kwa muda ambao mwandishi hakuweza kuupima. Mzee Abrahamu aliuliza kama ndiyo sababu mitetea ilikoma kutaga. Nikamjibu kwamba hilo ni la Bwana Mifugo. Amekwisha kuja, amechanja kuku wote, na mayai yameanza kuonekana.

Jumatano ijayo wanashuka kwako wanawake kumi na wanne. Nimewaeleza kama ulivyonieleza siku ile tuliposhuka kwako: hakuna wa kugawiwa na mwenzake, kila mmoja apimwe, na anayenyonyesha mtoto mchanga aseme mapema. Zainabu yumo. Issa, mumewe, alimkatalia siku tatu. Ya nne alikuja kuniuliza kando kama ni kweli mtu anaweza kupooza kwa kupewa ya jirani. Nikamwambia ndiyo maana anatakiwa aende kwa mtaalamu. Amempa ruhusa, na atamsindikiza mpaka Soni.

Rahabu anameza akishakula chakula cha jioni, mbele yangu, bila kificho. Akichelewa namkumbusha. Mama aliuliza ni dawa ya nini. Nilimwambia. Akasema yeye alizaa kumi na mmoja na hakuna siku mtu alimwuliza. Kisha akaomba chumvi.

Uhuru na Kazi,
Nikodemo


Mgwashi,
18 Septemba 1977

Mdogo wangu Marta,

Tumekwisha kuvuna viazi. Zainabu anakusalimu, sindano ya uzazi wa majira uliyomchoma miezi miwili iliyopita haijamsumbua. Asante kwa pakiti mpya. Kichwa hakiumi, miguu haivimbi, na presha umeiona mwenyewe.

Nina jambo dogo la kukusimulia. Jumanne nilikwenda sokoni Bumbuli na kikapu cha njegere. Nilipofika kwenye mteremko wa pili nikahisi nimesahau kitu. Nikatazama kikapu, njegere zimo. Nikapapasa kanga, leso yangu imo. Nikaendelea, na hisia ile ikazidi, kama mtu aliyeacha moto umewaka ndani. Mwishowe nikarudi nyuma nusu ya njia, natazama chini kila hatua, nikakutana na Mwajuma wa kule bondeni akaniuliza nimeangusha nini. Nikamjibu sijui, lakini nimeangusha.

Nilikuwa nimeinama bado ndipo nikatambua. Mgongo ulikuwa mtupu. Efrazia nilimwacha nyumbani na dada zake, anatembea, anakula mwenyewe, anatukana kuku. Tangu mwaka nilioolewa sijapita njia ile bila mtoto mgongoni au tumboni, na mara nyingine vyote viwili.

Nikanyooka. Mwajuma aliendelea kutafuta majanini, nikamwambia aache, nimekipata. Kisha nikateremka Bumbuli nikiwa natupa mikono mbele na nyuma kama msichana wa shule.

Dada yako,
Rahabu